Je, Wajua? Tunduma, Bandari Isiyo na Ufukwe

Kutoka magati ya Dar es Salaam hadi Tunduma, mpakani na Zambia, ni zaidi ya kilomita 900 za lami. Hapa hakuna mawimbi wala ngalawa, na upepo wake ni wa nyanda za juu. Lakini tembea kidogo kando ya barabara kuu na utazame: makontena, mawakala wa forodha, wabadilisha fedha, madereva na matingo wao wanaosubiri nyaraka, mamantilie wanaojua nani anakula nini. Bandari nzima imo, maji tu ndiyo hayapo. Nimekuwa nikikusanya habari za mji huu na mkoa wake wa Songwe, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyoamini kwamba hakuna sehemu ya bara la Tanzania iliyofungamana na bandari nyingi kama hii. Tazama.

Mvua moja, safari tatu

Wingu moja likimwaga mvua juu ya Tunduma na vilima vya jirani, matone yake yanaweza kuagana kabisa. Tone linaloangukia upande wa Zambia hushuka kuelekea mto Chambeshi, likaingia Bangweulu, likapita Luapula na Ziwa Mweru, likajiunga na mto Kongo na kuishia Bahari ya Atlantiki, upande wa pili wa Afrika. Tone linaloangukia Tunduma na Vwawa hutiririka hadi mto Momba na Ziwa Rukwa, na hapo safari imekwisha, kwa sababu Rukwa halina mto unaotoka ndani yake. Maji yake huondoka kwa njia ya mvuke tu. Tone la tatu, la milima ya Ileje, huingia mto Songwe, likafika Ziwa Nyasa, likateremka kwa mto Shire hadi Zambezi na kumwagika Bahari ya Hindi kule Msumbiji.

Hata mpaka wenyewe ulifuata matone hayo. Mkataba ambao Uingereza na Ujerumani zilitia saini Berlin tarehe 1 Julai 1890 ulitaja ukingo wa bonde la mto Kongo kuwa ndio utakaofuatwa na kipande hiki cha mpaka. Waliotia saini hawakuwahi kuikanyaga ardhi hii, lakini mstari walioukubali ulikuwa tayari umechorwa na mvua. Wanyamwanga, wenyeji wa hapa, walijikuta wako nchi mbili, na mpaka leo wako pande zote mbili, wakisalimiana kwa lugha ileile.

Songwe ni mito miwili

Ukiambiwa "mto Songwe", uliza upi. Mmoja hutiririka kuelekea kaskazini-magharibi hadi Ziwa Rukwa, mwingine huelekea mashariki hadi Ziwa Nyasa. Majina sawa, hatima tofauti: wa kwanza haufiki baharini abadani, wa pili unafika.

Huu wa pili, ambao ni mpaka wa Tanzania na Malawi, una tabia ya ajabu zaidi. Ukifika tambarare karibu na ziwa, hubadilisha njia mafuriko yanapokuja. Mkulima anaweza kulala shamba lake likiwa ng'ambo hii na kuamka mto umepita upande mwingine. Ndiyo maana Tanzania na Malawi zimeunda kamisheni ya pamoja ya bonde la Songwe, yenye makao yake Kyela, ili pamoja na mengine kuutuliza mto huo.

Meli iliyotembea nchi kavu

Meli ya kwanza ya mvuke kuelea Ziwa Tanganyika ilipita katika nyanda hizi ikiwa vipande vipande, mikononi, mabegani na vichwani mwa wapagazi. Iliitwa Good News, mali ya Chama cha Wamisionari cha London, na ilishushwa majini mwaka 1885. Vipande vyake vilitoka Uingereza kwa bahari, vikapanda Zambezi na Shire, vikavuka Ziwa Nyasa hadi Karonga. Kutoka Karonga hadi Tanganyika kulibaki zaidi ya kilomita 300 bila mto wa kupitisha hata mashua.

Mfanyabiashara wa Glasgow, James Stevenson, alitoa fedha za kuchonga barabara ya kuunganisha maziwa hayo mawili, na mhandisi James Stewart akaanza kazi miaka ya mwanzo ya 1880. Stewart alifariki mwaka 1883, na barabara haikukamilika kama ilivyoandikwa kwenye karatasi. Kipande cha kutoka Karonga ndicho kilichochongwa hasa, kilichobaki kikawa njia ya miguu. Hata hivyo Barabara ya Stevenson iliingia katika ramani za dunia. Ilipita Mwenzo, ambayo leo iko wilaya ya Nakonde, jirani kabisa na Tunduma. Na Waingereza walipoketi na Wajerumani mwaka 1890, walihakikisha mpaka unapita kaskazini mwa barabara hiyo ili ibaki kwao. Fikiria jambo hilo: mpaka wa Tunduma uko hapo ulipo kwa sehemu kwa sababu ya njia ya kubebea meli.

Chinde, mlango mdogo wa nchi kubwa

Na sasa bandari ndogo ninayoipenda kuliko zote katika habari hii. Iko Msumbiji, kwenye mdomo mmojawapo wa mto Zambezi, na jina lake ni Chinde.

Kwa miaka mingi watu walijua kwamba Zambezi ni barabara pana ya kuingia bara, ila mlango wake ulikuwa umezibwa na mchanga. Mizigo ilishushwa Quelimane, ikasafirishwa kwa mitumbwi na kwa miguu hadi mtoni. Mwaka 1889 Mwingereza Daniel Rankin alitangaza kwamba mdomo wa Chinde una kina cha kutosha kupitisha meli. Habari hiyo moja ilibadilisha biashara ya eneo lote la Ziwa Nyasa. Kufikia mwaka 1891 Ureno ilikubali kuikodisha Uingereza kipande cha ardhi hapo ufukweni, na Chinde ikawa lango la Nyasaland, nchi tunayoiita leo Malawi. Meli za baharini zilishusha shehena, meli bapa za mtoni zenye gurudumu la nyuma zikaipakia na kupanda nayo Zambezi na Shire hadi kwenye maporomoko. Hapo wapagazi wakashika zamu, na juu ya maporomoko meli nyingine ikapokea.

Wajerumani nao, waliokuwa na vituo kaskazini mwa Ziwa Nyasa, walipitia mlango huohuo. Kutoka pwani yao wenyewe hadi ziwani kulikuwa na milima na wiki nyingi za kutembea, hivyo njia ya maji ya jirani iliwafaa zaidi. Nyanda zetu hizi, zilizo karibu na ncha ya kaskazini ya ziwa, zilikuwa karibu zaidi na bandari hiyo ndogo ya Msumbiji kwa mizigo mizito kuliko zilivyokuwa na Dar es Salaam.

Halafu mambo yakageuka haraka. Mwaka 1922 kimbunga kiliipiga Chinde vibaya, na mwaka huohuo reli kutoka Beira ilifika Zambezi. Mwaka 1923 ukodishaji wa Waingereza ukamalizika. Leo Chinde ni mji mdogo wa wilaya katika jimbo la Zambezia, wenye wavuvi wake na mto wake uleule. Na ule mto Songwe wa Ileje? Maji yake bado yanateremka kuelekea delta hiyohiyo, hayajabadilisha bandari.

Nahodha aliyekamatwa na rafiki yake

Mojawapo ya meli zilizoingia kupitia Chinde ni Hermann von Wissmann ya Wajerumani, iliyounganishwa kando ya Shire na kuanza kazi mwaka 1893. Tarehe 13 Agosti 1914 ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo huko Liuli, leo wilaya ya Nyasa mkoani Ruvuma. Ghafla meli ya Waingereza, Gwendolen, ikatokea na kufyatua mzinga. Nahodha Berndt, Mjerumani, alikasirika kweli: kamanda wa Gwendolen, Rhoades, alikuwa rafiki yake wa siku nyingi! Habari za vita ya dunia zilikuwa bado hazijamfikia. Tukio hilo la ziwani huhesabiwa miongoni mwa mapambano ya kwanza kabisa ya meli katika vita ile.

Chumvi bila bahari

Karne kadhaa kabla ya meli yoyote ya mvuke, watu wa Ivuna, katika wilaya ya leo ya Momba, walikuwa wakitengeneza chumvi kutokana na chemchemi za maji ya chumvi karibu na Ziwa Rukwa. Wanaakiolojia waliochimba hapo miaka ya 1960 walikuta mabaki ya kazi hiyo ya kati ya karne ya 13 na ya 15. Kilwa ilipokuwa ikinawiri kwa dhahabu ya Sofala, huku bara nako kulikuwa na kiwanda na bidhaa ambayo kila chungu kinaihitaji.

Dar es Salaam iliwahi kukata tamaa njiani

Bandari inayoilisha Tunduma leo ilikuwa kijiji cha Mzizima hadi miaka ya 1860, Sultani Majid wa Zanzibar alipoanza kujenga mji hapo. Alifariki mwaka 1870, na majengo mengi yakaachwa. Mwishoni mwa miaka ya 1870, Waingereza waliokuwa na kibali cha Sultani Barghash walianza kuchonga barabara kutoka Dar es Salaam. Lengo lao? Ziwa Nyasa. Walifika kama kilomita 120 hivi, kisha wakaiacha mapema miaka ya 1880. Ilibidi ipite karibu miaka 90 ndipo lami ikakamilika kutoka bandarini hadi kusini-magharibi mwa nchi.

Mafuta yaliyopanda ndege

Tarehe 11 Novemba 1965 serikali ya walowezi wa Rhodesia ilijitangazia uhuru, na Zambia, iliyokuwa na umri wa mwaka mmoja tu, ikakatiwa mafuta yaliyopitia kusini. Kuanzia Desemba mwaka huo, ndege za Uingereza, Kanada na Marekani zilikuwa zikisafirisha mafuta kuelekea Zambia ndani ya mapipa. Hebu piga hesabu: ndege inachoma mafuta yake ili ipeleke mafuta!

Njia ya nchi kavu ilikuwa kupitia Tunduma, na haikuwa na lami. Masika ilikuwa tope linalomeza magurudumu, kiangazi vumbi linalofunika taa za gari la mbele. Malori yaliyojaa mapipa ya petroli yalipinduka na kuwaka kiasi kwamba madereva waliokuja kutoka ng'ambo waliiita njia ya jehanamu. Shaba ya Zambia ilirudi baharini kwa njia hiyohiyo. Mwenye kutaka kuelewa kwa nini miaka ile Nyerere na Kaunda walihangaikia bomba, lami na reli kwa wakati mmoja, aanzie kwenye tope hili.

Mto wa dizeli chini ya ardhi

Bomba la TAZAMA, lililofunguliwa mwaka 1968, lina urefu wa kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola. Theluthi mbili ni mali ya Zambia, theluthi moja ya Tanzania. Kwa zaidi ya nusu karne lilibeba mafuta ghafi kwenda kusafishwa Ndola, lakini tangu mwaka 2023 linapitisha dizeli iliyo tayari kutumika. Kwa hiyo wakati msururu wa malori ya mafuta unasogea taratibu pale mpakani, kuna shehena nyingine inayovuka nchi hizi bila dereva wala foleni.

Karibu kilomita moja kila siku

Ujenzi wa reli ya TAZARA ulianza Oktoba 1970, na Agosti 1973 reli ilikuwa imefika mpakani Tunduma. Hizo ni kilomita 975 za upande wa Tanzania katika muda usiotimia miaka mitatu, yaani karibu kilomita moja kwa kila siku iliyopita, kupitia mabonde ya Kilombero na miteremko ya Makambako ambako mahandaki na madaraja yanafuatana bila kupumua. Mahali pa juu kabisa pa reli nzima, Uyole mkoani Mbeya, pako karibu mita 1,790 juu ya usawa wa bahari. Treni inayoondoka Dar es Salaam hupanda kimo hicho chote kabla ya kushuka kuelekea Tunduma.

Reli yote, kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, ilikabidhiwa rasmi tarehe 14 Julai 1976. China ilitoa mkopo usio na riba wa yuan milioni 988 pamoja na maelfu ya wafanyakazi. Zaidi ya 60 miongoni mwao walifia kazini, na makaburi yao yapo Gongo la Mboto hadi leo, yakitunzwa na kutembelewa kwa heshima.

Na hili ndilo linalonishangaza kila nikilikumbuka: TAZARA na Reli ya Kati zote zinaanzia jiji moja, lakini behewa la moja haliwezi kupita kwenye nyingine. Upana wa TAZARA ni milimita 1,067, wa Reli ya Kati milimita 1,000. Tofauti ni upana wa vidole vinne tu vya mkono, na kwa ajili ya vidole hivyo ilibidi kujengwa kituo maalumu cha kuhamishia mizigo huko Kidatu. Sasa matumaini yamerudi relini: mwaka 2025 ulisainiwa mkataba na kampuni ya China, CCECC, wa kuifufua TAZARA kwa uwekezaji wa takriban dola bilioni 1.4 za Marekani.

Unatoka Tanzania ukiwa tayari Zambia

Tangu tarehe 5 Oktoba 2019, Marais John Magufuli na Edgar Lungu walipozindua Kituo cha Pamoja cha Huduma Mpakani, maofisa wa nchi mbili wanafanya kazi chini ya paa moja. Msafiri anayekwenda Zambia hasimami Tunduma. Anavuka hadi Nakonde, na hukohuko anakamilisha taratibu za kutoka na za kuingia. Anayekuja Tanzania hufanya yote Tunduma.

Kinachobaki kumchanganya mgeni ni saa. Tanzania iko saa moja mbele ya Zambia, hivyo inapogonga saa 2 asubuhi Tunduma, Nakonde bado ni saa 1. Mtu anaweza kunywa chai huku, akavuka mpaka, na kufika kabla ya muda alioondoka!

Simu yako huenda imepita hapa

Malori yanayopanda kutoka Dar es Salaam hubeba ngano, mbolea, magari, mashine na makontena ya kila namna. Yanayoshuka hubeba shaba ya Zambia na ya Katanga, na kobalti ya Kongo, madini ambayo nchi hiyo inatoa zaidi ya nusu ya kiasi chote kinachochimbwa duniani. Kobalti imo kwenye betri za simu nyingi. Ikishatoka Katanga, kusini mwa Kongo, huvuka mpaka wa Kasumbalesa, ikakatiza Zambia nzima hadi Nakonde na Tunduma, ikapakiwa melini kwenda viwanda vya Asia, kisha sehemu yake ikarudi dukani kwetu ikiwa ndani ya simu. Dereva anayeperuzi simu yake kwenye foleni ya Tunduma anaweza kuwa ameshika madini yaliyosimama kwenye foleni hiyohiyo kabla yake.

Bandari yenye maji, jirani tu

Anayetaka bandari ya kweli bila kwenda pwani ashuke Kyela. Bandari za Itungi na Kiwira, kwenye Ziwa Nyasa, zinatuma meli hadi Mbamba Bay na vituo vya katikati, vijiji ambavyo vingine milima imevisogeza hadi ukingoni mwa maji. Meli mbili za mizigo, MV Njombe na MV Ruvuma, ziliundwa hukohuko Kyela na kampuni ya Kitanzania ya Songoro Marine. Kila moja inabeba tani 1,000, sawa na shehena ya malori zaidi ya 30. Mwaka 2021 ikafuata MV Mbeya II, abiria 200 na mizigo tani 200. Adui wa Itungi ni yuleyule wa midomo ya Zambezi: mchanga na tope vinavyoletwa na mito.

Shehena mbili zisizolipiwa ushuru

Songwe imepokea pia mizigo kutoka angani. Kimondo cha Mbozi, kule Ndolezi, kina uzito wa takriban tani 16 na urefu wa kama mita tatu. Karibu chote ni chuma, kikiwa na nikeli kidogo. Mpima ardhi W. H. Nott alikitangaza kwa ulimwengu mwaka 1930, ila wenyeji walikuwa wanakijua. Kinahesabiwa miongoni mwa vimondo vikubwa zaidi duniani.

Lakini kuna kidogo zaidi chenye sifa kubwa zaidi kwa wanasayansi, na kilianguka Ivuna, palepale penye chumvi, tarehe 16 Desemba 1938. Vipande vilivyookotwa vina uzito wa gramu 705 tu, havifiki kilo moja. Ni vya aina adimu mno, ambayo mchanganyiko wake wa kemikali unakaribia sana ule wa jua ukiondoa gesi, na aina hiyo kimataifa hutambulishwa kwa herufi CI, ambapo I ni ya Ivuna. Mwezi Desemba 2020 chombo cha Japani, Hayabusa2, kilirudisha duniani gramu 5.4 za udongo kutoka sayari ndogo iitwayo Ryugu. Wataalamu walipoupima waliona unafanana na kitu wanachokijua: jiwe la Momba. Kipande kikubwa cha jiwe hilo kimo katika Natural History Museum, London, kimefungiwa ndani ya gesi ya nitrojeni ili hewa yetu isikiguse.